Kinyama kimekatwa: jibu lake liko wapi?



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa, na likishafanyika tunalisahau. Jambo hilo ni kukatwa kinyama mwilini kwa ajili ya kipimo. Nitaeleza zaidi habari za figo, kibofu cha mkojo na uvimbe ule usioonekana mara kwa mara, hasa kwa watoto, kwa sababu huko ndiko nilikoona familia zikipata hasara kubwa kwa kutojua.

Naanza na mzee mmoja wa upande wetu wa Mhunze. Aliletwa wodini kwetu na kijana wake mwishoni mwa msimu wa pamba. Alikuwa amekonda, miguu imevimba, na mkojo wake ulikuwa mwekundu.

“Shikamoo baba,” nilimsalimu.

“Marahaba, mwanangu.”

“Umeanza lini kukojoa damu?”

Akacheka kidogo. “Tangu utotoni. Sisi tuliochunga ng'ombe na kuogelea malamboni, nani hakukojoa damu? Lakini hii ya sasa inauma, na inatoka mabonge.”

Nikamwuliza kama amewahi kupimwa. Akasema ndiyo, aliingizwa mpira wenye taa katika njia ya mkojo, akakatwa kinyama, akaambiwa arudi nyumbani kusubiri jibu.

“Ilikuwa lini, baba?”

“Wakati wa palizi.”

Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa imepita miezi saba. Tulipopiga simu mahali alipokatwa, tukaambiwa jibu lilifika wiki ya tatu tu baada ya yeye kuondoka. Miezi yote hiyo lilikaa kabatini. Fomu yake haikuwa na namba ya simu, na jina la kijiji lilikuwa limekosewa. Wao walingoja mzee arudi, na mzee alingoja kuitwa.

Sitaji mahali penyewe, na wala sisemi kwamba ni wao tu. Katika miaka yangu ya uuguzi nimeona majibu ya namna hiyo katika makabati zaidi ya moja, na mojawapo nililifungua mimi mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

KINYAMA NI NINI?

Kinyama ni kipande kidogo sana cha kiungo chenye ugonjwa, au kinachodhaniwa kuwa na ugonjwa. Wataalamu wanakiita bayopsi. Kinaweza kukatwa kwa kisu wakati wa upasuaji, kunyofolewa kwa chombo kinachoingizwa ndani ya kibofu, au kuvutwa kwa sindano maalumu. Cha figo, kwa mfano, ni chembamba kuliko kijiti cha kibiriti, na urefu wake ni kama sentimita moja au mbili.

Kwa nini kikatwe? Kwa sababu macho hayatoshi. Daktari anaweza kupapasa uvimbe, akaupima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, hata akauona kwa macho yake wakati wa upasuaji, na bado asijue jina lake. Uvimbe wa namna mbili unaweza kufanana kama mapacha, na huku mmoja unatibiwa kwa kisu na mwingine kwa dawa peke yake. Anayeweza kuutofautisha ni daktari wa patholojia, yaani yule asomaye vinyama kwa hadubini. Wagonjwa wengi hawamwoni kamwe, lakini matibabu yao yanategemea sentensi moja au mbili atakazoandika.

SAFARI YA KINYAMA

Kikishakatwa, kinyama huanza kuoza kama nyama nyingine yoyote. Kwa hiyo mara moja hutiwa katika chupa yenye dawa iitwayo formalini, ambayo huzuia kuoza na kukaza umbo la seli. Dawa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Maji hayafai, na chumvi na maji haifai kwa kinyama kitakachokaa siku kadhaa. Kinyama kilichotiwa katika maji na kusafirishwa siku tatu katika joto letu hufika kimeharibika, na hapo hata bingwa wa mabingwa hawezi kukisoma. Vipo vipimo vichache, kama baadhi ya vile vya figo, vinavyotaka kinyama kihifadhiwe kwa namna nyingine, na daktari atawaeleza wasaidizi wake mapema.

Kikifika maabara, hukaushwa maji yake kwa alkoholi, hugandishwa ndani ya nta, halafu hukatwa kwa wembe wa mashine. Vipande hivyo ni vyembamba mno: unene wake ni sehemu tatu hadi tano za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Huwekwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Viini vya seli huonekana vya zambarau, na nyama inayovizunguka huonekana ya waridi. Ndipo daktari huangalia: seli zimepangana kwa utaratibu au zimevurugika? Viini ni vya kawaida au vimekuwa vikubwa kupita kiasi? Kuna mayai ya minyoo? Kuna makovu?

Kazi hiyo haimalizwi kwa siku moja. Madaktari wa patholojia nchini kwetu ni wachache, na vinyama ni vingi. Kuambiwa usubiri wiki mbili au tatu si kudharauliwa. Lakini kuambiwa “subiri” bila kuambiwa tarehe ya kurudi, hilo usilikubali.

TUMBO LA MTOTO LIKIVIMBA

Mara nyingi anayegundua ni mama anapomwogesha mtoto. Mkono unagusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mtoto anacheza, anakula, halalamiki. Nyumbani bibi anasema ni bandama, na mtoto anapelekwa kuchanjwa chale. Miezi miwili baadaye tumbo ni kubwa na mtoto amebaki mifupa.

Ni kweli kwamba bandama huvimba kwa malaria ya mara kwa mara, kwa selimundu na kwa kichocho cha tumbo. Lakini upo uvimbe mwingine wa tumbo la mtoto, na hapa nitataja aina mbili.

Wa kwanza ni saratani ya figo ya watoto, iitwayo uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyeueleza kwa kirefu mwaka 1899. Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Katika hadubini uvimbe huu huonyesha seli zinazofanana na zile za figo ya mtoto aliye bado tumboni mwa mama, kana kwamba sehemu ya figo ilikataa kukua. Ni ugonjwa adimu, lakini unatibika vizuri. Katika nchi zenye uwezo, watoto kama tisa katika kumi hupona. Hutibiwa kwa dawa za saratani pamoja na upasuaji wa kuondoa figo ile yenye ugonjwa, na mtoto anaendelea kuishi kwa figo ya pili. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, kwa sababu wengi huja wamechelewa, na wengine hutoroshwa wodini kabla dawa hazijakwisha.

Wa pili ni ule uitwao limfoma ya Burkitt. Wengi wanaujua kwa jinsi unavyovimbisha taya la mtoto na kung'oa meno, lakini huweza pia kuanzia tumboni, ukaingia katika figo, ini au ovari. Hukua haraka ajabu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivi kwamba mama aliyemwona mtoto mzima Jumapili hii anaweza kuona uvimbe mkubwa Jumapili ya tatu. Katika hadubini seli zake za buluu iliyokolea hujaa kioo kizima, na katikati yake huonekana madoa meupe yaliyotapakaa, hata wataalamu wakaliita umbo hilo anga lenye nyota. Matibabu yake ni dawa. Kisu si tiba yake kuu, na figo haiondolewi.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Watoto wawili wamelala vitanda vya jirani, matumbo yote mawili yamevimba. Mmoja anahitaji kuondolewa figo. Mwingine akiondolewa figo amepotezewa kiungo bure, na siku za kuanza dawa zimepotea. Kipimo cha tishu, pamoja na picha na damu, ndicho kinachowatenganisha.

Niongeze tahadhari moja. Si kila uvimbe hukatwa kinyama kabla ya matibabu. Uvimbe wa Wilms una ganda jembamba, na ukitobolewa ovyo seli zake humwagika tumboni. Kwa hiyo mara nyingi madaktari hutegemea picha, huanza dawa, kisha hutoa figo yote na kuipeleka maabara. Uamuzi huo tuwaachie wao. Sisi nyumbani tusilikande tumbo hilo, tusilichanje, wala tusiruhusu kila jirani kulibonyeza.

VINYAMA VYA KAMPALA

Watu wengi hudhani elimu ya namna hii hutoka Ulaya tu. Sivyo. Sura moja muhimu ya elimu ya saratani iliandikwa ng'ambo ya ziwa letu.

Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt wa Ireland, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule, na huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia. Akaanza kupekua mafaili. Akagundua kwamba watoto waliokuwa wakiandikiwa magonjwa mbalimbali, huyu wa taya, huyu wa figo, huyu wa ovari, huenda walikuwa na ugonjwa mmoja. Alichapisha habari hizo mwaka 1958. Waliothibitisha ugonjwa huo ni wa aina gani ni wasomaji wa vinyama wa Kampala, J. N. P. Davies na Gregory O'Conor, ambao walionyesha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kwa wiki kumi kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakipita hospitali baada ya hospitali, zikiwemo nyingi za misheni, wakiuliza: je, mmewaona watoto wa namna hii? Wakakuta kwamba ugonjwa uko katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka huohuo mwanasayansi wa London, Anthony Epstein, alimsikia Burkitt akihutubia, akaomba atumiwe vinyama. Vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja mwishoni mwa mwaka 1963 ndege ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu kama yameharibika. Wangeweza kuyamwaga. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta seli za uvimbe zikielea zikiwa hai. Kwa seli za namna hiyo yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliona mwaka 1964 kirusi ambacho leo kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Karibu watu wote tunakipata na hakitudhuru. Lakini kwa mtoto anayepigwa na malaria tena na tena, kinaweza kufungua njia ya limfoma hiyo.

Nimesimulia habari hii ndefu kwa sababu moja. Kinyama cha mtoto wa Uganda, asiyejulikana jina, kimesaidia watoto wa dunia nzima, kwa kuwa kilitunzwa, kikasafirishwa na kikasomwa. Kingetupwa kwenye ndoo, tusingejua.

FIGO ZINAPOVUJA

Turudi kwa watu wazima. Kila figo ina ukubwa kama wa ngumi yako, na ndani yake mna machujio madogo yapatayo milioni moja. Kazi yake ni kama ya chujio la chai: takataka zipite, protini na damu zibaki. Chujio likiharibika, protini hupita na mkojo. Mgonjwa huamka na uso uliovimba, baadaye miguu na tumbo, na mkojo wake hutoa povu jingi lisiloisha haraka.

Kwa mtoto mwenye hali hiyo, kwa kawaida daktari huanza na vidonge, na wengi hupata nafuu bila kukatwa kinyama. Asipopata nafuu, au akiwa mtu mzima, daktari huweza kutaka kinyama cha figo. Hapo mgonjwa huuliza: “Mkojo mmepima, damu mmepima, mnataka nini tena?” Jibu ni kwamba mkojo unaonyesha kuwa chujio linavuja. Hauonyeshi ni nini kilichotoboa.

Nitatoa mifano miwili ya Afrika Mashariki. Miaka ya 1960 pale Mulago, Dakta John Kibukamusoke na wenzake, akiwemo msomaji wa vinyama Michael Hutt, walichunguza figo za wagonjwa waliovimba, wakaonyesha uhusiano na aina moja ya malaria, ile ya homa inayorudi kila baada ya siku tatu. Na mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza habari ya wagonjwa wa figo ambao wengi wao, hasa akina mama, walikuwa wakipaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Zebaki ilipenya ngozi na kwenda kuharibu machujio. Baadhi yao walipoacha mafuta, figo zilipona.

Akina mama na mabinti, mkorogo haujakoma. Nanyi vijana wetu mnaokwenda machimboni Geita na Kahama, zebaki ni ileile mnayoichanganya na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu na kuichoma jikoni, watoto wakivuta moshi wake. Mkivimba uso na miguu, mwambieni daktari kazi mnayofanya. Msomaji wa kinyama ataona chujio lililoharibika. Habari ya zebaki inabidi itoke mdomoni mwenu.

DAMU YA MALAMBONI

Sasa namrudia yule mzee wangu. Alisema wote waliochunga ng'ombe walikojoa damu. Ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu jambo la kila mtu haliogopwi.

Kichocho cha mkojo kinatokana na mnyoo ambao huishi kwanza ndani ya konokono wa malambo, mito midogo na majaruba ya mpunga. Mtoto akiingia majini, vijidudu hupenya ngozi. Minyoo ikikomaa hutaga mayai yenye mwiba mdogo nchani, na mayai hayo hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Mengine hunasa humo. Kwa miaka mingi ukuta unavimba na kufanya makovu. Makovu yakibana mirija inayoshusha mkojo, figo hujaa maji na kufa polepole bila kelele. Tena seli za ndani ya kibofu hubadilika, zikawa bapa kama za ngozi, na baada ya miaka mingi zinaweza kugeuka saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka mnyoo huu katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya binadamu.

Kanda yetu ya Ziwa ina ushahidi wake. Katika hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, madaktari walirudia kupitia vinyama na mafaili ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu, wakachapisha habari hizo mwaka 2013. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ile ya seli bapa, na katika vinyama vya 83 yalionekana mayai ya kichocho. Mtu anaoga lambo akiwa na miaka minane, na yai linaonekana katika kioo cha hadubini akiwa amekwisha kuwa babu.

Kwa hiyo mtoto akikojoa damu asichekwe kwamba amekua. Apimwe mkojo, apewe prazikwanteli. Ni dawa nzuri, na hutolewa pia mashuleni, lakini haizuii kuambukizwa tena kesho yake akirudi majini. Na mtu mzima akikojoa damu, hasa yenye maumivu au mabonge, asimeze prazikwanteli na kukaa kimya. Aombe kuchunguzwa kibofu.

HOFU ZETU

Wodini nasikia maneno mengi. Nitajibu matatu.

“Wakikata kinyama, saratani itasambaa.” Kwa uvimbe mwingi sivyo. Saratani husambaa kwa sababu imekaa muda mrefu bila tiba, na mara nyingi mtu hukatwa kinyama akiwa tayari amechelewa, akafa, watu wakalaumu kisu. Ule uvimbe michache unaohitaji uangalifu, kama wa figo ya mtoto, madaktari wanaujua.

“Wanataka kutuibia figo.” Kinyama cha figo ni chembamba kama nilivyoeleza hapo juu. Hakuna mtu anayeweza kukiuza wala kukitumia kwa kazi nyingine.

“Nitavuja damu.” Hofu hii ina ukweli, hasa kwa kinyama cha figo. Ndiyo maana kabla yake tunapima damu na presha, na baada yake mgonjwa hulala chali saa kadhaa huku tukitazama rangi ya mkojo wake. Ukiwa unatumia aspirini, dawa za kuyeyusha damu au dawa za miti shamba, sema bila aibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kabla ya kukatwa, uliza: mnakata nini, kwa sababu gani, na jibu litakuja lini?

2. Hakikisha fomu ina jina lako kamili, umri, kijiji, jina la mwenyekiti wa kitongoji, na namba mbili za simu, yako na ya ndugu. Kama huna simu, andika ya jirani au ya katekista wa kigango chenu, akikubali.

3. Hakikisha chupa imeandikwa jina lako ubavuni. Mfuniko huweza kubadilishana.

4. Ukipewa chupa uipeleke mwenyewe Mwanza au Shinyanga mjini, usiifungue, usiimwage dawa iliyomo, na usiiache kwa mtu kituo cha basi. Formalini ni sumu, watoto wasiiguse.

5. Ukifanyiwa upasuaji wowote wa kuondoa uvimbe, uliza kama umepelekwa maabara. Uvimbe uliotolewa na kutupwa hauwezi kusomwa tena.

6. Tarehe ya jibu ikifika, nenda. Lisipokuwapo, ulizia tena baada ya wiki. Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea daktari heshima.

7. Jibu ukishalipata, omba nakala na uitunze pamoja na kadi ya kliniki. Hospitali ya pili itaihitaji.

8. Mtoto akianza dawa za saratani, amalize. Uvimbe kuyeyuka haina maana kwamba ugonjwa umekwisha.

Nasi watumishi wa afya tuna sehemu yetu. Baada ya mzee yule, wodini kwetu tulianzisha daftari la vinyama. Kila kinachokatwa kinaandikwa siku kilipoondoka, siku jibu liliporudi, na siku mgonjwa alipoambiwa. Kila Ijumaa mmoja wetu hupitia safu ya tatu, na palipo wazi hupiga simu. Ni daftari la kawaida la wanafunzi, na kazi yenyewe haichukui nusu saa.

Mzee tulimpa rufaa ya Bugando. Jibu la kinyama lilisema saratani ya kibofu ya seli bapa, yenye mayai ya kichocho. Picha ilionyesha figo zote mbili zimejaa maji. Waliweza kumpunguzia maumivu na kumwekea mpira wa kutoa mkojo, lakini upasuaji mkubwa, ambao pengine ungewezekana wakati wa palizi, haukuwezekana tena. Alirudi kwake, akafariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata, akiwa kitandani mwake na watoto wake wakiwapo.

Kijana wake alikuja kuturudishia fimbo ya kutembelea tuliyomwazima baba yake. Alikuja na wajukuu watatu wa mzee, wote wavulana, na chupa tatu za mkojo zilizofungwa kwa nailoni. Wawili walikuwa na mayai ya kichocho. Tuliwapa dawa siku ileile, na majina yao tukayaandika, na kijiji chao, na namba mbili za simu.